UZI: Kiuno kinauma? Kabla hujachomwa sindano jua kwanza kinauma kwa nini

Fundi_Viungo (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum wana jamvi. Mie kazi yangu ni fiziotherapia, niko hapa Unguja, na leo nataka kuandika kitu ambacho kila siku nakisema kwa mdomo mpaka koo linakauka. Mtu anakuja kiuno kimemkamata, ukimuuliza ushafanya nini anakutolea mfuko: diklofenaki (dawa ya maumivu) ya vidonge, diklofenaki ya kupaka, karatasi ya sindano alizochomwa duka la dawa, mkanda wa kiunoni kanunua Darajani, chupa ya mitishamba ya kusafisha figo, na eksirei imekunjwa ndani ya bahasha. Ukimuuliza basi umeambiwa una nini, jibu ni moja katika matatu. Figo. Baridi. Au pingili zimesagana. Hakuna aliyemuuliza kilianzaje, kinauma saa ngapi, kinashuka mguuni au hakishuki, akirukuu inakuwaje. Dawa zimetangulia maswali.

Tuanze na figo maana hii ndio inayoniudhi. Figo ziko juu, chini ya mbavu za nyuma, sio pale unapofunga kikoi. Maumivu ya figo huwa ubavuni, mara nyingi upande mmoja, na hayajali umeinama au umenyooka. Kama ni kijiwe mtu hatulii kabisa, anakaa anasimama anagaragara hapati mkao, yanashuka mpaka kinenani na pengine mkojo una damu. Kama ni maambukizi kuna homa na kutetemeka na mkojo unachoma. Na zile figo zinazofeli pole pole, ambazo ndio watu wanaziogopa, kwa kawaida haziumi, ndio maana watu wanachelewa kujua. Ukiwa na wasiwasi nenda kapime mkojo na kreatinini ya damu, ile inayoonyesha figo zinachujaje, vipimo vya kawaida tu hivyo, ujue moja. Kinachonishangaza mtu anaogopa figo halafu anameza diklofenaki mwezi mzima bila ya kuandikiwa na mtu, na dawa za jamii hiyo zinaweza kuziumiza hizo hizo figo, na tumbo, na kupandisha presha.

Hili la pingili. Picha haiongopi lakini haisemi yote. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu ambao HAWAUMWI mgongo kabisa. Waliokuwa na umri wa miaka 20, 37% diski zao, zile pedi laini katikati ya pingili, zimeanza kuchakaa. Waliofika 80 ni 96%. Diski kufutuka ni 30% kwa wale wa miaka 20 na 84% kwa wale wa 80. Na wote hao wazima, wanatembea zao. Kwa hiyo ukipigwa picha una miaka 45 ukaambiwa pingili zimesagana, huenda umeambiwa umri wako tu. Mpaka picha ikubaliane na unachokisikia mwilini na daktari anachokiona akikupima kwa mikono, hiyo bado si sababu.

Na sasa neno ambalo watu hawalipendi. Kwa walio wengi, kama tisa katika kumi, huwezi kunyoosha kidole ukasema ni hapa hasa, msuli huu au kiungo hichi. Sio kwamba maumivu ni ya uongo, yapo. Ila hakuna kilichovunjika wala kilichooza, na mengi hupungua yenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembea. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, hakuna maradhi yanayowalemaza watu wengi zaidi duniani. Wangekuwa wote wana ugonjwa wa kutisha tungekuwa tumekwisha.

Kwa hiyo kutafuta sababu maana yake kwanza ni kuwatoa wale wachache wenye jambo kubwa, halafu wale wenye mshipa wa fahamu uliobanwa, halafu wale ambao tatizo haliko mgongoni kabisa. Ukishawatoa hao waliobaki unawatibu kwa amani. Tatizo letu tunawatibu wote sawa kuanzia siku ya kwanza.

Haya leteni maswali. Mie si daktari wa upasuaji, nitakachokishindwa nitasema.

---

Ngambo_Original

Dokta umenigusa pabaya, mkanda wa Darajani mie ninao na nimeulipia hela

---

Fundi_Viungo

Ukhti/kaka uvae ukipenda haukuui. Ila muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Disemba 2023 kuhusu mgongo wa muda mrefu hausemi watu wapewe mikanda, unasema wasipewe kama tiba ya kawaida. Umetaja elimu, mazoezi, masaji na dawa za maumivu kwa mpango. Kitanda pia hakisaidii, ukilala wiki nzima unatoka umekakamaa kuliko ulivyoingia.

---

Mzee_wa_Makadara

Waalaykum salaam. Kijana umesema vyema lakini usitutoe kwenye ya kwetu. Sie tumekulia kwa kukandwa na mafuta ya nazi na maji ya moto, na hijama ni sunna, na watu wamepona. Baridi ipo, mvuvi aliyekesha baharini usiku kucha akirudi kiuno kimeshika hiyo utaiita nini?

---

Fundi_Viungo

Mzee wangu shikamoo. Sina ugomvi na kukandwa, mie mwenyewe nakanda watu ndio mkate wangu. Mvuvi aliyekaa ndani ya ngalawa usiku mzima, kajikunja, kavuta nyavu, nguo zimerowa, misuli itakaza, na maji ya moto yatamsaidia. Hijama akitaka apigwe na mtu msafi, vifaa vipya.

Ninachoomba ni kimoja tu mzee wangu: kabla hajakandwa aulizwe. Kaanguka? Ana homa? Kakonda? Usiku analala? Mkojo unatoka vizuri? Mkandaji mwenye busara akisikia moja katika hayo aweke mikono chini amwambie nenda hospitali kwanza.

---

Mzee_wa_Makadara

Marahaba. Hapo sina neno.

---

BintiMwani

Mie nalima mwani Jambiani na nyuma kunaniuma miaka, sie wote tunaumwa ukija pwani bamvua utaona sote tumeinama kama nyundo magoti yamenyooka tunafunga mbegu kwenye kamba masaa mpaka maji yaanze kujaa halafu unabeba gunia la mwani mbichi kichwani mpaka juu. Jioni siwezi hata kukuna nazi. Nimeambiwa nina chango nikapewa dawa ya kunywa. Asubuhi nikiamka sijambo, siku za maji mafu ambazo hatuendi nakuwa mzima kabisa. Sasa hilo ni chango au ni nini?

---

Fundi_Viungo

Dada umejijibu mwenyewe na hujajua. Maumivu yanayofuata bamvua na kuondoka maji mafu, yanayofuata kazi na kupoa kwa mapumziko, hayo ni ya kiuno kuchoshwa. Ukiinama magoti yamenyooka mzigo wote unakaa kwenye misuli ya nyuma na zile diski za chini. Kama maji yako magotini huwezi kuchuchumaa najua, lakini unaweza kukunja magoti kidogo, kuweka mguu mmoja mbele, na kila ukimaliza kamba moja unyanyuke uweke mikono kiunoni ujinyooshe nyuma. Mbegu nyengine mfungie juu mchangani mmekaa. Gunia lijazwe nusu, wende mara mbili.

Ila nikuulize na hili na kama hutaki kulijibu hapa usijibu. Maumivu yana uhusiano na hedhi? Yanazidi siku zile, damu inatoka nyingi, au maumivu wakati wa tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu? Mana kizazi kikiwa na vivimbe au maambukizi kinaweza kuumiza kiuno na hapo mazoezi yangu hayana kazi, unatakiwa daktari wa akina mama na altrasaundi. Kinamama wengi wanaambiwa chango kwa yote mawili na kila kitu kinatibiwa kwa chupa ile ile.

---

BintiMwani

Hedhi yangu haina shida. Ahsante nimefahamu. Hilo la gunia nusu wanaume zetu watatucheka 😂

---

Ummu_Swabra

Wacheke wabebe wao. Dokta mie hilo la pili ndio langu, siku zangu zikikaribia kiuno kinakatika na nikianza ndio kabisa silali, na nimetafuta mtoto muda. Nilifikiri ni mgongo mana nakaa ofisini kwenye kiti kibovu.

---

Fundi_Viungo

Ukhti kiti kibovu hakijui tarehe. Maumivu yanayokuja na mwezi na kutafuta mtoto kwa muda ni mambo mawili ambayo yakikaa pamoja daktari wa akina mama lazma ayasikie, mwambie yote mawili kwa pamoja usimwambie moja ukaacha la pili. Kuna ugonjwa nyama inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake, endometriosisi, na mara nyengine altrasaundi ya kawaida haiuonyeshi kwa hiyo ukiambiwa picha safi usikate tamaa ukaishia hapo.

---

Mchumaji_Pemba

Salamu kutoka Wete. Mimi swali langu la msimu wa karafuu. Jamaa yetu mmoja aliteleza juu ya mkarafuu akashukia miguu, kisigino kikavimba tukampeleka kikafungwa plasta tukarudi nae. Kiuno analalamika lakini tukaona ni mtikisiko. Sasa hivi bado hawezi kukaa sawa. Hii itakua nini?

---

Fundi_Viungo

Yakhe huyo arudishwe hospitali akapigwe eksirei ya mgongo, Wete kwenyewe au Chake, wala msingoje. Anayeanguka kutoka juu akashukia miguu nguvu inapita kisiginoni inapanda mpaka kiunoni, ndio maana aliyevunjika kisigino kwa kuanguka lazma na mgongo utazamwe, hasa pale mgongo wa kati unapokutana na kiuno. Kila mtu anatazama kisigino mana ndio kimevimba. Na akija mwengine akaanguka, wasimnyanyue wawili, mmoja mikono mmoja miguu, wala wasimpakie kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Ubao, au mlango kama hakuna ubao, alale kanyooka, mtu mmoja ashike kichwa, mpate gari. Miguu ana nguvu nayo? Mkojo?

---

Mchumaji_Pemba

Miguu ana nguvu mkojo upo. Kesho tunampeleka inshallah

---

Dere_wa_502

mi naendesha gari ya abiria asubuhi mpaka usiku, kiuno sio tatizo sana tatizo mguu wa kulia kuna moto unashuka kutoka makalioni unapita nyuma ya paja unafika mpaka kidole gumba nikikohoa unapiga kama shoti na gumba lina ganzi. nimeenda sehemu wakanipa mafuta ya kuchua kiuno tu hata mguu hawakuutazama

---

Fundi_Viungo

Huo ni mshipa wa fahamu kaka, wenyewe wanaita siatika. Ukishuka chini ya goti na ukifuata njia moja kama ulivyoeleza, na kukohoa kunauchochea, kuna kitu kinaugusa mshipa pale unapotokea kwenye pingili, mara nyingi diski. Fanya hivi nyumbani: lala chali, mtu akunyanyulie mguu wa kulia umenyooka pole pole, ule moto ukija kabla mguu haujasimama, hiyo ni dalili. Halafu jaribu kutembea kwa visigino vidole viko juu, na baadae kwa ncha za vidole. Ukishindwa kusimamia kisigino mguu mmoja, au unyayo unaburura, usikae nyumbani.

Kama nguvu ipo, wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili bila ya kisu. Punguza masaa ya kukaa, ukifika kituoni shuka uzunguke gari. MRI, ile picha inayoonyesha mpaka diski na mishipa, tunaiomba pale nguvu inapopotea, au muda umepita na hakuna nafuu na upasuaji unafikiriwa. Sio siku ya kwanza.

Na hili nawaambia wote, sio dere peke yake. Mwenye maumivu ya kiuno akapata ganzi pale anapokalia, sehemu zote zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila ya kujijua, au choo hivyo hivyo, au miguu yote miwili inaregea: huyo aende usiku huo huo. Asingoje alfajiri, asingoje boti ya kesho akiwa karibu na hospitali, wamuone pale walipo. Mishipa ya chini imebanwa kwa pamoja na ikichelewa kufunguliwa mkojo na nguvu za kiume huenda zisirudi. Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja kuna taasisi ya NED wanaofanya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, siku hizi si lazma kila kitu kivuke bahari.

---

dogo_wa_Amani

Bro mie nna 24. Asubuhi siwezi kuinama kuvaa viatu karibu saa zima, usiku wa manane naamka naumwa, ila nikienda kucheza mpira napata nafuu. Washkaji wananiambia ni mambo ya kujichua ndo yanamaliza mgongo. Serious nataka jibu

---

Kibweni_Lad

😂😂😂 washkaji gani hao

---

Fundi_Viungo

Msimcheke, na hao washkaji zako hawajui kitu, hilo halimalizi mgongo wa mtu. Dogo wewe ni kinyume cha BintiMwani hapo juu. Yeye akifanya kazi anaumwa akipumzika anapoa, wewe ukipumzika unaumwa ukijitikisa unapoa. Kijana, asubuhi anakauka zaidi ya nusu saa, usiku anaamka, mazoezi yanamsaidia, na kama imechukua zaidi ya miezi mitatu: huo unaweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vya mgongo na nyonga. Jicho limewahi kuwa jekundu linauma na mwanga unalichoma? Kuna mtu kwenu mgongo ulimkakamaa akawa hawezi kugeuka? Mwambie daktari maneno hayo hayo uliyoyaandika hapa, saa zima asubuhi, mpira unasaidia. Watu wa namna yako wanakaa miaka wanaambiwa misuli. Na mpira usiache.

---

dogo_wa_Amani

Jicho ndio, mwaka jana lilikua hivo nikapewa dawa ya matone. Sikujua vinahusiana

---

Fundi_Viungo

Liseme hilo pia. Usilisahau.

---

Mama_Fuoni

Babu yao akisimama taraweh miguu inakufa ganzi na kiuno kinauma, lakini akirukuu anapata nafuu, na sokoni anatembea kidogo anatafuta pa kukaa ila baiskeli anapanda mpaka Mwanakwerekwe hana tatizo. Watoto wanasema anasingizia.

---

Fundi_Viungo

Hasingizii bi mkubwa. Kwa watu wazima ile njia ya mishipa ya fahamu ndani ya uti inakuwa nyembamba. Akisimama wima inabana zaidi, akiinama mbele inafunguka, ndio maana rukuu inampa nafuu na baiskeli anaimudu kuliko miguu. Wamtazame na mzunguko wa damu wa miguu, mana nao unaweza kumsimamisha mtu njiani, ila ule kwa kawaida ukisimama tu unapoa, hahitaji kuinama wala kukaa. Taraweh aswali amekaa, dini haijambana.

---

Msafiri_Mkoani

Ndugu Fundi nimesoma uzi wote na sasa nna wasiwasi. Baba yangu yuko Pemba shamba, miaka yake sitini na kitu. Kiuno kimeanza pole pole hakuanguka wala hakubeba kitu. Usiku ndio kinazidi. Kanzu zake zinampwaya. Ana ng'ombe wake wawili na maziwa anakunywa yakitoka kukamwa. Mkojo anaamka mara nyingi na unatoka kidogo kidogo. Kachomwa sindano za baridi nyingi tu kwenye kiduka, siku mbili anapata nafuu inarudi. Wenzangu wanasema uzee.

---

Fundi_Viungo

Huyo asichomwe tena sindano ya aina hiyo mpaka ajulikane ana nini. Sikutishi lakini sitokuficha. Umri wake, usiku kuzidi, kukonda, kuanza bila ya sababu, hayo yakikutana tunasimamisha kila kitu.

Mpelekeni hospitali ya Abdalla Mzee hapo hapo Mkoani. Mwambieni daktari mkojo unatoka kidogo kidogo, atataka kumpima tezi dume na kipimo cha damu cha PSA, mana saratani ya tezi dume hupenda kwenda kwenye mifupa ya kiuno. Hilo la kupimwa tezi wazee wanaona haya, wewe kama mtoto wake wa kiume zungumza nae mapema mkiwa wawili. Aulizwe jasho la usiku na homa za jioni: kifua kikuu kinaingia kwenye uti wa mgongo na mgonjwa hana hata kikohozi, na kina dawa, na dawa zake ni bure. Na hayo maziwa mabichi myataje, kuna homa inatoka kwa ng'ombe, bruselozi, inaingia kwenye pingili na daktari hatoipima kama hajui mzee anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Wote nyumbani mchemshe kuanzia leo.

Eksirei ya kiuno na picha kamili ya damu ni pa kuanzia. Eksirei ikiwa safi lakini bado anakonda na bado halali, msiridhike, kwa maradhi haya mwanzoni huweza kuwa safi.

---

Kibweni_Lad

Na kichocho je? Sie tuliokulia kwenye mito skuli tulikuwa tunameza vidonge kila mwaka

---

Fundi_Viungo

Swali zuri. Kichocho cha kwetu ni cha njia ya mkojo. Dalili yake ni damu mwisho wa mkojo, sio kiuno. Lakini kikikaa miaka bila ya kutibiwa kinaweka makovu kwenye kibofu na kwenye mirija inayotoka figoni, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba, na hapo ubavu utauma kweli. Kwa hiyo aliyekulia karibu na mito, Unguja au Pemba, na mkojo umewahi kuwa mwekundu, apime mkojo na altrasaundi. Prazikwanteli inawaua minyoo wenyewe, makovu ni kesi nyengine.

---

Msafiri_Mkoani

Nimeongea na kaka yangu yuko nae. Jumatatu wanakwenda. Haya, la tezi nimeachiwa mimi, nitampigia baba leo usiku. Swali la mwisho, hivi sasa akiumwa tumpe nini mana ukisema sindano basi, na usiku analia

---

Fundi_Viungo

Panadol, vidonge viwili vya 500, mara tatu kwa siku, asizidishe, na kama ana ugonjwa wa ini aulizwe daktari kwanza. Alale ubavu kaweka mto katikati ya magoti. Msimkande wala msimpige chuku pale panapouma. Homa ikipanda, miguu ikiregea au mkojo ukigoma kabisa, Jumatatu mbali, ondokeni nae saa hiyo hiyo. Na mwambie kaka aandike kwenye karatasi kila dawa aliyochomwa na kila alichokunywa, chupa za mitishamba wende nazo, daktari azione.